Nguo za wateja hazitoki kwa wakati

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, nafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 2 usiku. Mbona kila Ijumaa wateja wananilalamikia?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro ipo kwenye ahadi, si kwenye mikono yako. Mafundi wengi huhesabu kushona tu, wakasahau kupima, kukata, vifungo na pasi. Kwa wiki moja, andika daftarini saa ya kuanza na ya kumaliza kila nguo. Tuseme gauni la bitana linakula saa 5, na wateja, simu na umeme kukatika vinakula saa 3: kati ya saa zako 12 zinabaki 4, kwa hiyo siku yako inabeba gauni moja na kazi ndogondogo, basi.

Kata vitambaa vyote asubuhi, kisha shona kwa kufuata rangi ya uzi ili usibadilishe bobini (kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani) kila mara. Zipu na kupunguza suruali zisubiri saa 10 jioni. Hiyo “nishonee mara moja tu” ndiyo mwizi mkubwa wa muda. Mteja mpe tarehe iliyo siku 2 baada ya ile uliyojiwekea mwenyewe. Na bila malipo ya awali, usiguse mkasi.