Mjusi wa Mchana Nyumbani: Taa Kwanza, Mengine Yafuate

Sisi tuliokulia pwani tumezoea mjusi wa ukutani ambaye hutoka giza likiingia na kuwinda wadudu karibu na taa. Mijusi wa jenasi ya Phelsuma ni tofauti kabisa, kwani wao huota jua, hula na kugombana mchana kweupe, na wengi wao wana rangi ya kijani kibichi yenye madoa mekundu mgongoni. Spishi nyingi zaidi zinapatikana Madagaska na visiwa vinavyoizunguka, lakini Pemba nayo ina wake, Phelsuma parkeri, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Mimi hufuga Phelsuma grandis, mjusi mkubwa wa kaskazini mwa Madagaska anayeweza kupita sentimita 25 pamoja na mkia, katika nyumba ya ghorofa mjini Hamburg, na huyo ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza, kwa sababu ni mstahimilivu kuliko jamaa zake wadogo.

Kabla ya kununua, uliza amezaliwa wapi. Phelsuma wote wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea pori, yaani huuzwa nje kwa kibali tu, kwa hiyo muuzaji mwaminifu hatasita kukuonyesha hati za mjusi aliyezalishwa kwenye kizimba. Nalisisitiza hili kwa sababu tumeshaona madhara ya kukamata mijusi wa porini nyumbani Tanzania: mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye mikadi ya msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, alikamatwa kwa wingi mno kwa ajili ya soko la nje, na wakamataji walifikia hata kuikata mikadi yenyewe ili kumfikia. Tangu mwaka 2017 yumo katika Kiambatisho cha I, kinachopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini. Mtu anayempenda mjusi hawezi kufurahia kumiliki aliyepatikana kwa kuharibu makazi ya wenzake.

Kizimba kiwe cha kioo na kiwe kirefu kwenda juu, kwa kuwa mjusi huyu ni wa mitini. Kwa mmoja mkubwa, upana wa sentimita 45, kina cha 45 na kimo cha 60 ndicho kiwango cha chini, na mimi ningeongeza kimo kila inapowezekana. Panga mianzi minene, mingine imesimama na mingine imelala, kisha weka mimea yenye majani magumu yanayoweza kumbeba.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, na ambalo kwangu linatangulia mengine yote, ni mwanga. Bila UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, mwili wake hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haimfai mifupani. Kuweka kizimba dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi hiyo karibu yote, tena jua likipiga moja kwa moja joto la ndani linaweza kumuua. Nunua taa maalumu ya UVB, iwashe kwa takribani saa 12 kwa siku, na uibadilishe kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji hata kama bado inang'aa, maana mionzi hufifia kabla ya mwanga tunaouona. Pale anapoota joto pafike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, sehemu nyingine ibaki kati ya 25 na 28, na usiku joto liruhusiwe kushuka hadi 20 au 22.

Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Yeye hunywa matone kwenye majani, na ukikaa kimya karibu utamwona akimaliza kunywa kisha akitoa ulimi na kulisafisha jicho lake, kwa kuwa hana kope za kufumba. Chakula chake ni nyenje na mende wa kufugwa, wasiozidi upana wa kichwa chake, waliopakwa unga wa kalsiamu, pamoja na kijiko kidogo cha embe au papai lililopondwa mara moja au mbili kwa wiki. Usizidishe tunda, kwani hulipenda kiasi cha kusahau wadudu.

Usimshike. Ngozi yake ni laini mno na huchanika akifurukuta mkononi, na mkia nao hukatika. Wangu hushuka mwenyewe na kulamba tunda kwenye kijiko nilichokishika, nami naona ukaribu huo unatosha. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe, na hata dume na jike hutenganishwa mmoja akianza kumfukuza mwenzake.

Mchunguze kila siku wakati wa kumlisha. Uvimbe mweupe pande mbili za shingo, hasa kwa jike, kwa kawaida ni akiba ya kalsiamu na si ugonjwa. Lakini taya likilegea, miguu ikipinda au mwili ukitetemeka, hiyo ni dalili ya mifupa kukosa kalsiamu, na anapaswa kupelekwa haraka kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia. Mtafute daktari huyo kabla hujamleta mjusi nyumbani, kwa sababu si kila kliniki inawatibu.