Stroberi zangu zinaota ukungu wa kijivu zikikaribia kuiva: nipige dawa gani kali zaidi?

SWALI: Habari mtaalamu. Ninalima stroberi nje, kwenye matuta, sehemu yenye baridi na mvua za mara kwa mara. Nilichagua aina isiyojali urefu wa siku, ile inayotoa maua mfululizo, maana niliambiwa inafaa sehemu kama hii na haisumbuliwi na hali ya hewa. Mimea imestawi, majani ni ya kijani iliyokolea, maua tele. Lakini tunda likianza tu kuwa jekundu linalainika upande mmoja na kuota manyoya ya kijivu. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili kwa juma, nimejaribu magadi ya kuokea na maziwa, na sasa nashauriwa nichanganye kapsuli za antibayotiki kwenye bomba. Je, kuna dawa kali zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, na maelezo yako yanatosha kuutambua. Dawa ya kuponya tunda lililokwisha ota manyoya haipo, iwe kali au nyepesi. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu swali hili linanifikia kila msimu wa mvua, na karibu kila anayeuliza ameshamaliza fedha zake kupigia dawa mahali ambapo ugonjwa ulishapita zamani.

Ukungu huu unaingilia kwenye ua. Ua la stroberi likifunguka na kukaa na maji kwa saa kadhaa, vijimbegu vya ukungu vinaota juu ya petali na juu ya vile vijiti vya manjano vinavyobeba chavua, kisha vinapenya hadi kwenye kitako cha ua, ambacho ndicho kinakuja kuwa tunda. Humo vinatulia. Tunda likiwa kijani lina uwezo wa kuvizuia, na wewe unapita shambani unaona kila kitu kiko sawa. Linapoanza kuiva, sukari inapanda na kinga yake inashuka, ndipo ukungu unaamka. Toka ua lifunguke hadi tunda liwe jekundu ni kama mwezi mmoja hali ya hewa ikiwa nzuri, na kwenye baridi unaweza kufika wiki tano au sita. Kwa hiyo uozo unaouona leo ni habari ya mvua ya mwezi uliopita, na mvua ya juma hili utaiona kwenye mavuno ya mwezi ujao. Lipo kundi dogo linaloambukizwa ukubwani, hasa tunda zima linapolalia lililooza, lakini chanzo kikubwa ni ua.

Ukitaka kujionea, chuma matunda kama ishirini ambayo hayajaiva, yale yaliyoanza kuwa meupe na hayana doa lolote. Yapange kwenye kontena safi la plastiki juu ya karatasi ya shashi iliyoloweshwa, yasigusane, ufunike na kuliweka ndani pasipo jua. Yaangalie kila siku kwa muda wa juma moja hivi. Kama maua yako yaliambukizwa, utaona mengine yanatoka doa la kahawia chini ya kile kikofia cha majani, pale kikonyo kinaposhikana na tunda, na baada ya siku chache doa hilo linafunikwa na manyoya ambayo ukiyapuliza yanatoa vumbi. Shambani nako tafuta petali iliyokauka ikagandia ubavuni mwa tunda changa. Ing'oe taratibu kwa ukucha; mara nyingi doa la kwanza liko chini yake.

Sasa nije kwenye neno ulilouziwa pamoja na miche: kwamba aina hii haisumbuliwi na hali ya hewa. Hapa ndipo ninapokosa subira kabisa. Kutojali urefu wa siku, yaani saa za mwanga kwa siku, kuna maana moja tu, kwamba mmea hausubiri siku ziwe fupi ndipo utengeneze maua. Sifa hiyo ilitoka kwa stroberi pori, Fragaria virginiana, iliyochukuliwa kwenye milima ya Wasatch huko Utah, Marekani, miaka ya 1950 na Royce Bringhurst wa Chuo Kikuu cha California. Ilichukua miaka mingi ya kuzalisha na kuchuja hadi aina za kwanza za biashara zikatoka kuelekea 1980, na leo watu wanapanda Albion, Seascape, San Andreas na nyinginezo. Kilichofuatwa kwenye kazi hiyo ni saa ya maua. Haikuja na kinga dhidi ya ukungu wa kijivu. Ni kweli kwamba baridi ya wastani inazifaa, kwa sababu joto likikaribia nyuzi 30 za Selsiasi zinapunguza au kusimamisha maua. Lakini ubaridi wenye unyevu unaufaa ukungu vilevile. Unastawi zaidi kati ya nyuzi 15 na 25, na hata karibu na nyuzi sifuri unaendelea kukua polepole, ndiyo maana stroberi zinaota manyoya ndani ya friji.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa miche hakukuambia. Aina inayotoa maua kwa kipindi kimoja ina wiki chache tu za hatari: maua yanafunguka, yanapita, na matunda yanapoiva hakuna tena maua mengi ya kuambukiza. Aina yako haina mapumziko hayo. Kwenye shina moja, ndani ya shubiri moja, kuna ua lililofunguka leo asubuhi, tunda la kijani, tunda jekundu na tunda lililooza likimwaga vijimbegu juu ya lile ua. Mzunguko haukatiki hadi wewe uukate kwa mkono. Mtu aliyekwambia aina hii haihitaji uangalizi amekuelekeza kinyume kabisa, maana kwenye sehemu yenye mvua ndiyo inayohitaji usafi kuliko zote.

Wengine wanasikia kwamba mmea haujali urefu wa siku wakadhani haujali jua, wakaupanda chini ya miti au nyuma ya ukuta. Stroberi yoyote inataka angalau saa sita za jua la moja kwa moja. Kivuli kinapunguza sukari, na kibaya zaidi, kinaacha umande juu ya maua hadi adhuhuri.

Na hayo majani unayoyasifia ndiyo yaliyonitia wasiwasi niliposoma barua yako. Kijani iliyokolea na majani yaliyosongamana mara nyingi ni dalili ya naitrojeni kupita kiasi. Majani yakifunga juu ya maua, hewa haipiti na unyevu unabaki humo ndani mchana kutwa. Tunda nalo linakuwa laini na rahisi kupenywa. Simamisha mbolea za kukuzia na samadi mbichi kwa sasa.

Anza na kusafisha. Subiri majani yakauke, kwa sababu ukishika mimea yenye maji unasambaza ugonjwa kwa vidole. Chuma kwanza matunda mazima yaliyoiva, uyatoe shambani. Kisha rudi na ndoo yenye mfuniko na uondoe kila tunda lenye doa, kila petali iliyogandia, na hasa majani yaliyokufa chini ya shina. Majani hayo watu wanayaacha kwa kudhani ni matandazo, kumbe majani makavu ya stroberi yenyewe ndiyo ghala kuu la ukungu huu. Yazike mbali au yaondoe kabisa. Mkono unaokusanya uozo usiguse tunda zima hadi uoshwe. Baada ya hapo vuna kila siku mbili, na mvua ikizidi vuna kila siku. Usiache tunda likaiva kupita kiasi eti liongeze utamu.

La pili, na kwa sehemu yenye mvua nyingi ndilo lenye faida kubwa kuliko dawa yoyote dukani, ni kuzuia maji yasifike kwenye ua. Weka matao juu ya tuta, tandika nailoni juu yake, na uache pande zote mbili wazi ili hewa ipite. Nasisitiza wazi. Nimeona watu wakifunga nailoni hadi chini ili mimea ipate joto, asubuhi matone yanadondoka kutoka kwenye dari kama mvua ile ile waliyoikimbia. Mwagilia kwa matone ardhini, usirushie maji juu. Nafasi kati ya shina na shina iwe sentimita 30 hadi 40, na vikamba vinavyotambaa vikate mapema, maana vinasonga tuta na kunyonya nguvu za maua. Tandaza nyasi kavu safi au plastiki nyeusi ili tunda lisilale kwenye udongo. Matuta yawe yameinuliwa vya kutosha maji yasituame. Udongo uliolowa unaleta kuoza kwa mizizi, ambao ni ugonjwa mwingine na hautibiki kwa haya ninayokueleza.

Kitu kimoja pembeni: ukiona matunda yaliyopinda au yenye uso wa vifundo, usikimbilie kuita ugonjwa. Mara nyingi ni uchavushaji mbovu, kwa sababu nyuki hawaruki kwenye mvua na baridi. Sababu nyingine zipo, lakini anza na hiyo, na usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Kuhusu dawa za ukungu, zina kazi yake, na kazi hiyo ni kulinda ua kabla halijaambukizwa. Zinapigwa maua yanapoanza kufunguka, kwa kipimo na nafasi za siku zilizoandikwa kwenye lebo, na zinabadilishwa kwa kundi. Kundi ni namna dawa inavyoua ukungu, na lebo nyingi zinaonyesha namba yake. Kubadilisha jina la chupa huku namba ya kundi ni ile ile ni kurudia dawa ile ile. Ukungu wa kijivu ni miongoni mwa vimelea vinavyozoea dawa upesi sana. Benomili ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960 ilionekana mkombozi. Mapema miaka ya 1970 tayari kulikuwa na ukungu wa kijivu usiosikia dawa hiyo. Kabendazimu, ambayo bado inasifiwa kwenye maduka mengi, iko kundi moja na benomili. Ukipiga mara mbili kwa juma, kila mpigo unaua ukungu dhaifu na kuuachia sugu nafasi yote. Ukali unaoutafuta umeutengeneza mwenyewe, ila uko upande wa ugonjwa.

Maziwa na magadi vina historia ya kupunguza ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokaa juu ya jani. Mtu mmoja alisikia "ukungu" akaambukiza habari kwa wengine bila kuuliza ni ukungu upi. Wako uko ndani ya tunda. Unyunyizie maziwa asubuhi na jioni, hautaguswa.

Hizo kapsuli sasa. Antibayotiki zinaua bakteria. Botrytis si bakteria, na kapsuli za kutibu watu haziufanyi chochote. Kinachofanyika ni kwamba unamwaga dawa ya binadamu kwenye udongo na kwenye chakula, bakteria waliomo humo wanaizoea, na usugu huo unarudi kwa watu wanaoumwa. Anayekupa ushauri huu hajui kilimo wala tiba, na si wewe peke yako uliyeambiwa. Naona ushauri huo ukienda kwa wakulima wa nyanya, wa pilipili, wa kabichi, kila mahali penye jani lenye doa. Tafadhali usimsikilize mtu anayetibu mmea kabla ya kutaja jina la ugonjwa, na usinunue kitu kilichomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo, hata kama aliyekiuza amekuonyesha shamba lililopona.

Kinachonikosesha raha zaidi kwenye barua yako ni kile ambacho hukukiuliza. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Nyingine ni siku moja, nyingine ni siku saba, nyingine zaidi, na nyingine hazikuruhusiwa kabisa kwenye stroberi. Wewe unapiga mara mbili kwa juma kwenye mmea unaoiva mfululizo. Ikiwa dawa yako inataka siku saba, basi tangu uanze hakuna siku hata moja ambayo tunda lilikuwa halali kuchumwa. Na stroberi haimenywi. Kilichonyunyizwa juu yake kinaliwa nacho, mara nyingi na watoto. Ukichanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja, kama wengi wanavyofanya, fuata ile yenye siku nyingi zaidi.

Kwa hiyo bomba liweke chini kwanza. Soma lebo ya ulichopiga, hesabu siku kuanzia mpigo wa mwisho, na matunda yote yatakayoiva kabla siku hizo hazijaisha yachume uyazike pamoja na yaliyooza, usiyauze wala kumgawia mtu. Kama lebo haitaji stroberi, au lebo hukuwahi kuiona, zika yote yaliyoko shambani leo, na maua pia. Aina yako itatoa mengine. Wakati unayasubiri, simamisha matao na nailoni.