Keki ya mkaa ya Krismasi huku Mbeya: moto mwingi uweke juu

Dada uliyeuliza kwa nini keki yako ya mkaa inaungua chini, katikati inabaki mbichi alafu inadidimia, na wakati ulipokuwa Dar ulikuwa unaipika vizuri tu, ngoja nikuelezee maana hii kitu nimekua nayo. Kwetu ni Tukuyu, saivi naishi Uyole, na nyumbani kwetu pilau iwepo, jogoo achinjwe, kama keki ya mama haijatoka kwenye jiko basi watoto tulikuwa tunaona Krismasi bado.

Huyo aliyekwambia unga ndo mbovu mimi simuungi mkono. Kwa hiyo ya kudidimia, shida ni huku juu tunakoishi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda inatanuka zaidi kuliko pwani, keki inapanda mbio kabla haijashika, inakosa nguvu ya kujibeba inaanguka. Mimi nilijionea kwa dada yangu aliyeolewa Kyela, kule bondeni karibu na Ziwa Nyasa, keki zake zinasifiwa mtaa mzima. Krismasi ya 2016 akaja kwangu na vipimo vyake vya Kyela, keki ikapanda mpaka ikagusa mfuniko, watoto wanapiga makofi, baada ya robo saa tunafunua tunakuta bakuli. Dada alilia kabisa aisee, maana mayai alikuwa amebeba ya kuku wake mwenyewe kutoka Kyela. Mama akaangalia tu akasema mwanangu, huku pauda punguza.

Kwa hiyo nusu kilo ya unga mimi naweka vijiko vitatu vya chai vya pauda, vya kusawazisha na kisu sio vya kujaza mlima, robo sukari, robo Blue Band, mayai sita, iliki ya kutwanga, na maziwa kikombe kimoja na kidogo kwa sababu huku maji yanakauka upesi keki inakuwa kavu. Sukari na Blue Band piga na mwiko mpaka iwe nyeupe. Kwetu ilikuwa zamu, kila mtoto mia moja anampisha mwenzie, mama anakuja anachukua kidogo anasugua kati ya vidole viwili, akisikia bado kuna chembe za sukari anasema rudieni, na mnarudia kweli, mikono inauma, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani.

Sasa moto, hapo ndo wengi wanakosea. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini kama vidole viwili, ipashe dakika kumi, ndani yake ndo unaingiza sufuria ndogo yenye keki. Funika na mfuniko wa bati ulio bapa, alafu mkaa mwingi upande juu ya mfuniko, chini bakiza makaa machache tu, matano sita, yaani yale ya kuota mkono. Keki yako inaungua kwa sababu unaiwekea moto wa ugali. Na mkaa uwe mkavu jamani, Desemba huku ni masika yetu, mkaa wa kununua tarehe 24 sokoni umeloa, unatoa moshi na moto unapanda unashuka. Mama alikuwa ananunua gunia mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, linakaa ndani nyuma ya mlango mpaka Krismasi, hakuna kuligusa hata chai ichelewe.

Na kama huna karatasi ya kutandika, jani la mgomba. Unalipitisha kwenye moto mpaka lilainike, lipake mafuta, tandika ndani ya sufuria. Keki inatoka na harufu fulani hivi ambayo mimi sijaipata kwenye keki yoyote ya dukani, nikiisikia tu nipo Tukuyu.

Kuhusu vyakula vingine ulivyouliza, kwetu ni wali wa mchele wa Kyela, hauhitaji viungo vingi unanukia wenyewe, kuku wa kienyeji, na ndizi za kupikwa na nyama kwa ajili ya wazee maana bibi wali alikuwa anasema haushibishi. Hayo yanaliwa mkitoka kanisani. Keki inakatwa kabla hata hatujaonja, vipande vinapangwa kwenye sahani, vinafunikwa na kitambaa, watoto tunatumwa kwa majirani wote, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu Mwislamu kwa sababu Idi yeye ndo alikuwa anatuletea pilau ya kwanza. Sahani hairudi tupu, utarudi na maembe au mayai mawili. Naomba hili usiliache hata kama keki ni ndogo, kata vipande vidogo.

Kujua kama imeiva usifunue funue, ndo inaanguka hapo. Mama alikuwa anainama anasogeza sikio karibu na sufuria, keki mbichi inalia, inatoa kasauti kembamba kama mafuta yanayoanza kuchemka kwa mbali, ikinyamaza ndo unachoma kijiti. Mwaka jana mama alibaki Tukuyu, miguu inamsumbua hakuweza kuja, nikampigia nikiwa jikoni nikashusha simu mpaka karibu na sufuria. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Alafu akasema, "Bado inalia hiyo, ngoja kidogo, usikate simu." Tukangoja wote wawili.