Tuanzie kwenye irabu tulizo nazo tayari

Swali la juma hili liliuliza iwapo mtu aliyekulia Nairobi anaweza, akiwa mtu mzima, kuyamudu matamshi ya irabu za Kiingereza, na aanzie wapi. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huku Eastlands, ambako Wakikuyu, Waluo, Wakamba na Wasomali huketi darasa moja, na jibu langu ni kwamba anaweza, mradi asianzie kwenye Kiswahili wala kwenye tahajia ya Kiingereza, bali kwenye lugha ya mama.

Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina herufi yake isiyobadilika. Kiingereza sanifu cha Uingereza, kwa hesabu iliyozoeleka katika fonetiki, kina 20, yaani 12 zinazotulia mahali pamoja na 8 zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, ilhali herufi za kuziandikia ni zile zile 5. Maneno tuliyokopa yanaonyesha kinachotokea: "bus", "bar" na "shirt" yana irabu 3 tofauti, lakini yalipogeuka kuwa basi, baa na shati, zote ziliangukia kwenye a. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wakisoma "bad", "bud", "bard" na "bird", anayewasikiliza husikia neno moja likirudiwa.

Hata hivyo, Kiswahili si kipimo cha uwezo wa masikio yetu. Kikuyu kina irabu 7, na aliyezoea tangu utotoni kutenganisha i na ĩ hahitaji kuelezwa kwamba ulimi ukishuka kidogo tu, neno hubadilika; ĩ yake inamsogeza karibu na irabu ya "ship" kuliko inavyoweza i ya Kiswahili. Kikamba kadhalika. Dholuo kina irabu 9 zinazoandikwa kwa herufi 5, kwa hiyo Mjaluo anajua tayari kwamba herufi moja inaweza kubeba sauti mbili, na anazitofautisha kwa kusogeza shina la ulimi mbele au kulirudisha nyuma. Aliyelelewa kwa Kiswahili na Sheng pekee hana akiba hiyo, na huyo atahitaji muda mrefu zaidi wa kusikiliza kabla ya kutamka.

Jambo linalonisikitisha ni mazoea ya kufundisha "i fupi" na "i ndefu" kana kwamba tofauti yote ni ya urefu. Urefu upo, lakini hutegemea pia konsonanti inayofuata: irabu ya "beat" hufupishwa na t hata ikakaribia urefu wa ile ya "bid", na bado Mwingereza hazichanganyi, kwa kuwa kinachozitenga hasa ni mahali ulimi ulipo. Mwanafunzi anayeambiwa avute sauti huishia kuivuta i ile ile ya Kiswahili. Afadhali atamke i, alegeze ulimi na midomo, aushushe ulimi kidogo kuelekea e, kisha asimame kabla hajafika. Kwa irabu ya "bird", ulimi ubaki katikati ya kinywa, taya zikaribiane na midomo isiviringwe.

Kuna pia shwa, ile irabu hafifu inayosikika mara nyingi kuliko nyingine zote katika Kiingereza, nayo ningeitengea muda mwingi kuliko jozi yoyote. Sisi huipa kila silabi irabu yake kamili, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; Kiingereza huhamisha mkazo na kuzififisha silabi zilizobaki. Katika "banana" ni a ya katikati tu inayotamkwa kikamilifu, na katika "photograph" na "photography" irabu hubadilika kwa sababu mkazo umehama, ingawa maandishi hayaonyeshi lolote.

Sidai kwamba mtu wa Nairobi asikike kama mtu wa London. Ninachotaka ni maneno yake yasichanganywe. Kwa hilo, wawili waketi wakiwa wamepeana migongo, mmoja asome jozi za maneno bila mpangilio, na mwenzake aandike anachosikia. Ikiwa ameandika "bad" ilhali karatasi inasema "bird", msomaji alirudie neno hilo kabla ya kwenda kwa linalofuata, kisha wabadilishane nafasi.