Kabla hujaiweka mtandaoni, irudishe mwaloni

Dokumentari yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 22, inahusu akina mama wanaonunua na kuanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yani pale mitumbwi inaposhushia samaki, huku kwetu Ziwa Victoria, na humo ndani kuna mama alikubali kuongelea jambo ambalo kila mtu mwaloni analijua ila halisemwi mbele ya kamera, yani kuna wavuvi hawakupi mzigo hata kama hela unayo mpaka uwape na mwili. Upande wa Kenya wanaita jaboya. Tukamwahidi tutaziba sura, na kweli tukaiziba, sauti tukaishusha ikawa nzito kama ya mwanaume, nikapandisha YouTube nikalala nimeridhika kabisa.

Siku ya tatu akanipigia. Hakugombana wala nini, alisema tu, "Mwanangu, wamenijua."

Sura haikuonekana, lakini alikuwa kajifunga kanga ileile anayoshinda nayo mwaloni, jina linasomeka lote, WEMA HAUOZI, na pembeni yake ipo ndoo yake ya njano iliyofungwa waya pale mpini ulipokatika. Mwalo mzima wanaijua ile ndoo. Wiki mbili nzima hakuna mtumbwi uliomuuzia dagaa. Video niliitoa siku hiyohiyo lakini ilishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp na kitu kikishaingia huko hukirudishi tena.

Kwa hiyo vijana mnaoniuliza inbox ninunue kamera gani, mi nawajibu simu yako inatosha, hela uliyonayo nunua maiki ya kubana kwenye nguo na kile kisponji chake maana upepo wa ziwa unakula sauti vibaya sana, mtazamaji atavumilia picha mbovu lakini maneno yasiyosikika hatayavumilia. Hilo la vifaa limeisha. Linalonikosesha usingizi ni huyu mtu unayemrekodi, wewe unapanda basi unarudi mjini na yeye anabaki palepale na wale aliowataja.

Mwanza tunalijua hili kuliko sehemu nyingi. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, iliyopigwa hapahapa Mwanza, wengi tunaiita filamu ya mapanki, inaonyesha ndege zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya huku wenyeji wanabaki na vichwa na mifupa, ndo hayo mapanki, ikafika mpaka kuteuliwa kugombea Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaikosoa hadharani. Wengine wanasema ilichafua nchi, wengine wanasema ilisema kweli, mimi nina yangu lakini leo siyo hoja. Hoja ni kwamba aliyeitengeneza alikuwa na kwao pa kurudi na waliohojiwa walibaki na kelele zile. Mpaka sasa ukishika kamera mwaloni kuna mzee atakuuliza, unapiga picha za kutuuza wapi?

Mjibu vizuri huyo mzee, usimkwepe. Nenda kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji, nenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wanamwalo kinachosimamia uvuvi, kibali cha Bodi ya Filamu fuatilia mapema maana sheria ya filamu ipo tangu 1976 na kusema hukuijua hakukusaidii. Alafu kaa. Siku mbili tatu za mwanzo usitoe kamera kabisa, beba ndoo, kunywa chai, watu wakuzoee.

Ile karatasi ya ridhaa wanayosaini mnaipa uzito usio wake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa hiyo ridhaa ni lazima, lakini mama aliyeweka dole gumba la wino asubuhi ana haraka ya kuwahi mitumbwi hajakubali kitu hapo, amekuheshimu tu. Mimi siku hizi nauliza mara tatu. Kabla ya kurekodi, tukimaliza kurekodi siku hiyo (hapo ndo wengi wanasema aa, lile la shemeji litoe), na mara ya tatu akishaiona yenyewe kabla mtu mwingine yeyote hajaiona, iwe mfadhili, iwe rafiki yako, yeyote. Na ukikagua usalama wake usiangalie sura peke yake, angalia kanga, ndoo, mlango wa nyumba, mtoto anayepita nyuma, jinsi anavyotembea. Mpe mtu wa hapohapo mwaloni anayeaminika na huyo mama aangalie, wewe mgeni huwezi kuona kinachomtambulisha.

Hela je? Silipi maneno, ukilipa maneno utaambiwa unachotaka kusikia. Lakini siku ya jua ya mama wa dagaa ni mtaji wake na hiyo nalipa. Nakumbuka nipo katikati ya mahojiano wingu likatanda upande wa ziwani, mama anaongea macho yake yako kwenye chanja alipoanika dagaa, mimi namwambia malizia kidogo tu, mvua ikashuka. Dagaa wakilowa wanaharibika rangi na harufu, bei ya chakula cha watu inapotea anaishia kuwauza kwa wa chakula cha kuku. Ilitakiwa niweke kamera chini nikimbie naye kuanua. Sijasahau na sitaki kusahau.

Filamu ya pili tuliirudisha kwao kabla ya kwenda kokote. Kwanza kwa kila mhusika peke yake, chumbani, kwenye laptop, mlango umefungwa. Yule mama wa kanga alikubali tena kuwemo, akiwa sura wazi safari hii, anaongelea mikopo na bei, akaiangalia mara mbili halafu akasema, "Pale nilipomtaja mwanangu, toa." Zilikuwa sekunde kama 40, na ndo sehemu nzuri kuliko zote, kwa kweli iliniuma. Tukaitoa.

Baada ya hapo tukaonyesha mwalo wote, tukachagua siku za mbalamwezi maana kukiwa na mwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, wanaume wengi wanakuwa nchi kavu na wao ndo tuliotaka waione. Ukifanya hivi jua mwezi unafifisha picha, kwa hiyo tafuta ukuta uliotazama kivulini, sisi tulitumia wa ghala, na hakikisha jenereta iko mbali na spika. Mama alikaa benchi la mbele, kajifunga kanga yake ileile.