Jibu: Lebo za kuruka katika asembla ya baitikodi ya Python

Ndugu wa Lubumbashi, umeuliza kwa nini asembla yako, yaani programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa kwa majina kuwa baitikodi (baiti ambazo Python huzitekeleza), inafanya kazi vizuri kwa programu fupi, lakini programu ikirefuka inaruka mahali pasipo sahihi. Nimesoma kodi yako: unaandika anwani ya lebo (jina la mahali ambapo mruko unaelekea) papo hapo unapokutana nayo.

Tangu Python 3.6 kila agizo lina baiti 2, opkodi (namba ya agizo) na hoja yake (thamani inayopewa agizo, kwa mruko ni mahali pa kuruka). Hoja haiwezi kuzidi 255. Ikizidi, lazima utangulize EXTENDED_ARG, agizo la kupanua hoja inayofuata, nalo inachukua baiti 2 zaidi na kusukuma mbele kila kinachofuata. Lebo uliyoiacha kwenye 254 inahamia 256, na katika matoleo kabla ya 3.10 kila mruko unaoielekea kwa anwani kamili sasa unadai EXTENDED_ARG yake. Kwa hiyo hesabu ukubwa kwanza, gawa anwani, kagua, rudia mpaka hakuna kinachobadilika. Agizo ulilokwisha kulirefusha usilifupishe tena, la sivyo utazunguka bila mwisho.

Toleo nalo ni la kuangaliwa sana. Kuanzia 3.10 mruko huhesabiwa kwa maagizo, si kwa baiti, 3.11 ikaongeza nafasi za CACHE (nafasi baada ya baadhi ya maagizo ambazo Python huzitumia kujiharakisha), nazo zinahesabiwa. Hapa Goma tunatumia kompyuta za mtumba, kila moja na toleo lake, basi asembla isome opkodi kutoka dis.opmap, orodha ya opkodi iliyo katika moduli ya dis ya Python (inayoonyesha baitikodi), ya mashine yenyewe.

Andika kitanzi kifupi cha while, kichape kwa dis, linganisha na chako baiti kwa baiti. Ukibandika matokeo hapa nitayapitia jioni, umeme ukirudi.