Nimekariri maana ya kikomo, lakini kuthibitisha kunanishinda

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kidato cha sita nilipata A ya hisabati. Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na nimefeli uchanganuzi wa namba halisi ingawa maana ya kikomo cha mfuatano nimeikariri neno kwa neno. Je, bado naweza kufikiria uzamivu?

Jibu: Marahaba. Uwezo wako wa kukokotoa haujapotea. Kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika, kwa kuwa sekondari ulitakiwa kupata jibu, ilhali sasa unatakiwa kuonyesha kwa nini jibu hilo haliwezi kuwa jingine.

Mfuatano una kikomo L iwapo kwa kila namba iliyo kubwa kuliko sifuri, hata iwe ndogo kiasi gani, tunayoiita epsiloni, ipo nafasi N, ambayo namba zote za mfuatano zilizo baada yake zinatofautiana na L kwa kiasi kisichofika epsiloni. Uchukulie kama kitendawili: mwenzako anatega kwa kutaja epsiloni, nawe unategua kwa kutaja N. Katika mfuatano wa 1/n, ambao kikomo chake ni 0, akitega 0.01 unajibu 100; akitega 0.001, hiyo 100 haikufai tena, unajibu 1,000. Uthibitisho ni kueleza namna utakavyoijibu epsiloni yoyote ile: chukua N iliyo kubwa kuliko 1 gawanya kwa epsiloni.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi ni la mwanafunzi anayepindua mpangilio na kuandika kwamba ipo N inayofaa kwa kila epsiloni, yaani anategua kabla hajategewa. Maneno ni yale yale, lakini N moja ikitosha kwa epsiloni zote, namba zinazofuata hazina budi kuwa sawa na L kabisa, na 1/n haifiki 0 hata mara moja.

Kwa mtihani wa marudio, funika daftari, andika ukanusho wa ufafanuzi huo, kisha uutumie kuthibitisha kwamba 1, −1, 1, −1 na kuendelea hauna kikomo.

Uzamivu haujakufungia mlango. Kwetu njia ya kawaida hupitia uzamili, uwe katika vyuo vikuu vyetu au AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati, iliyoko Kigali. Marekani mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja, ila mitihani ya kufuzu ya miaka ya mwanzo huwa na uchanganuzi huu huu, kwa hiyo usiridhike na alama ya kuponea.